Usiniletee sofa jukwaani

Kuna mdogo wangu mmoja wa Sakina, Arusha, kanitumia meseji juzi. Hatujawahi kuonana ila anafuatilia kazi zangu. Anasema kikundi chao kimepata ukumbi, skripti ipo, waigizaji wapo, na yeye kapewa seti, yaani mandhari na vitu vya jukwaani, kwa sababu ndo mtu pekee pale anayejua kuchora. "Dada shikamoo, naomba msaada. Muongozaji anataka sebule ya mtu mwenye hela, hapa mjini naweza kupata wapi sofa la kukodi la bei nafuu na fremu kubwa za picha, na je ukuta nipige plaiwudi au ninyooshe tu kitambaa?"

Nikaanza kumjibu kwa voisi, voisi ikawa ndefu, nikaifuta, nikasema hapana hili naliandika kabisa maana sio yeye peke yake. Na wewe unayesoma hapa nakujua, unataka siku moja watu waingie ukumbini, pazia lifunguke, na kabla mwigizaji hajatoa neno watu waseme "mh!" Wote tunaitaka hiyo mh. Nakwambia mapema, haitoki kwenye sofa.

Mimi nilianza na mapambo ya harusi, hapa hapa Moshi. Kumbi nyingi za huu mji nishapanda ngazi nikibana shifoni darini, nishapanga maua ya plastiki mbele ya maharusi mpaka nikawa nayaota. Sioni aibu kusema. Ile kazi ndo ilinifundisha kufunga fundo lisilofumuka, kujua kitambaa kipi kinameza mwanga na kipi kinaurudisha, na kugombana na wenye kumbi kuhusu soketi. Ila kwenye mapambo swali ni moja tu, inapendeza au haipendezi. Kwenye tamthilia swali hilo halikusaidii kitu, seti inaweza kupendeza mpaka watu wakapiga nayo selfi na mchezo ukafia juu yake.

Sasa nikupe ile habari yenyewe, maana wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu seti ya masale niliyobuni kwa mchezo mmoja na nimekuwa nikijibu kwa kifupi. Leo naimwaga yote.

Mchezo ule uliandikwa na mwenzetu wa kikundi, haujachapwa popote. Baba kafariki, kaacha kihamba, yaani shamba la ukoo, huko juu Kibosho. Watoto wa kiume watatu na binti mmoja. Kwa wasiojua mila zetu, zamani kwa Wachaga mtoto wa kwanza wa kiume alikuwa na fungu lake, wa mwisho ndo anabaki na nyumba ya wazazi na kumtunza mama, wa katikati anajitafutia mbele ya safari. Sasa huyu wa katikati anapanda kutoka Dar mwezi wa Desemba, kama wote tunavyopanda, ana gari, ana hela, na anataka kipande chake. Mkubwa naye kumbe alishaanza kusogeza mpaka kidogo kidogo kabla hata mzee hajazikwa. Mdogo anajifanya mpole. Dada yao hamna anayemuuliza kitu. Mama yupo, anawaangalia.

Muongozaji, simtaji jina na kwa mambo mengine namheshimu, alikuja kikao cha kwanza na orodha. Sofa lenye vitambaa vya kufuma, meza ya kioo, tivii, picha ya marehemu yenye utepe, migomba miwili ya kweli pembeni, na nyuma pazia kubwa limechorwa mlima. Mlima, jamani. Sijui kwanini kila mtu akifanya mchezo Moshi lazima achore Kilimanjaro nyuma, watu wanaouona asubuhi bure kabisa mawingu yakikubali, halafu jioni unawauzia tiketi wakauangalie wa rangi ya mafuta.

Nikamwambia bosi, huo mlima utatuaibisha. Kuna jamaa wa Uswisi anaitwa Adolphe Appia, alikufa mwaka 1928, yeye alilisema hili zamani sana, kwamba mwigizaji ana mwili, ana unene, anazunguka, halafu unamweka mbele ya kitambaa bapa kilichochorwa, vitu viwili hivyo havikai pamoja. Akataka jukwaa lenye ngazi na miinuko ambayo mtu anaweza kuikanyaga kweli, na mwanga ndo uwe unachora. Na huhitaji Uswisi kulithibitisha, washa taa moja mbele ya pazia lolote lililochorwa, mwambie mwigizaji asogee nyuma, uone kivuli chake kikipanda mpaka kileleni Kibo. Watu watacheka. Na migomba ukiikata ukaiweka chini ya taa, onyesho la pili majani yote yashalala.

Hakuelewa, au alielewa akakaza tu. Nikaomba nipewe muda na skripti.

Hapa sitakuchosha, niliisoma, nikaisoma tena, nikaisoma. Ila nisikilize namna ya kuisoma maana hii ndo siri yenyewe kama siri ipo. Sikuangalia yale maelezo ya kwenye mabano, sijui "sebuleni kwa mzee, jioni". Hayo yaruke. Nilichukua kalamu nikawa naandika pembeni vitendo tu, nani anamfanyia nani nini. Anambana. Anamkwepa. Anasogeza. Anasogeza tena. Anamzuia mama asipite. Nikafika mwisho nikagundua kwenye ule mchezo wote hakuna mtu hata mmoja anayepumzika! Hakuna anayekaa chini akanyoosha miguu. Sofa la nini sasa? Ukiliweka, waigizaji watalikalia kwa sababu lipo, na wakishalikalia ugomvi umepoa, kila kitu kinakuwa mazungumzo ya baada ya chakula.

Na kitendo kilichokuwa kinajirudia kuliko vyote ni kusogeza. Mpaka unasogezwa. Basi nikajiuliza, mpaka wa kihamba ni kitu gani kwa macho? Jibu kila mtoto wa Kichaga analijua, ni masale. Ule mmea wenye majani marefu ya kijani uliopandwa mstari kutenganisha kwa fulani na kwa fulani. Halafu nikakumbuka kazi yake nyingine, nikasimama. Isale hilo hilo ndo unalobeba ukienda kuomba msamaha. Umemkosea mtu, unachukua isale unampelekea, na kwa mila mtu akiletewa isale hatakiwi kukataa. Yani mmea uliowatenganisha ndugu ndo huo huo wa kuwapatanisha, na mwandishi hakuwa ameliandika hilo popote, lilikuwa limelala tu ndani ya habari yake likisubiri mtu aliamshe. Nikampigia usiku, akanyamaza, akasema "usiondoke hapo ulipo, nakuja".

Kwa hiyo seti nzima ikawa hivi. Jukwaa tupu, nyuma kaniki. Makopo 18 ya rangi, yale ya lita 4, kila moja limejazwa mchanga na kuchomekwa masale, yamepangwa mstari kutoka mbele ya jukwaa mpaka nyuma. Upande mmoja wa mstari ni kwa mama, upande wa pili ni kwa watoto. Kila baada ya ugomvi waigizaji wenyewe, mbele ya watu, wanasogeza makopo kuelekea kwa mama. Hakuna pazia kufungwa, hakuna vijana wa nguo nyeusi kuingia gizani. Wanaosogeza ni wale wale wenye tamaa. Onyesho la mwisho mama amebakiwa na ukanda ambao hawezi kusimama ameangalia mbele, inabidi asimame ubavu. Na yule wa katikati anapokuja kuomba msamaha hana pengine pa kupata isale isipokuwa kulivunja kwenye ule mstari aliousogeza kwa mikono yake mwenyewe.

Nilivyomuonyesha muongozaji alisema, nanukuu, "sasa watu watajuaje kama ni nyumbani?"

Ndo hapo nikamtengenezea modeli, na hii ni ya kwako mdogo wangu wa Sakina, usiwahi kubishana kwa mdomo na muongozaji, bishana na boksi la viatu. Chukua boksi, kata upande mmoja, fanya skeli ya 1:25, maana yake kila mita moja ya ukumbi ni sentimita 4. Jukwaa letu lilikuwa mita 6 kwa 4, kwa hiyo sentimita 24 kwa 16, linaingia kwenye boksi la raba bila shida. Mtu mzima anakuwa kama sentimita 7, mkate kwenye manila ngumu msimamishe. Masale nilitengeneza kwa njiti zilizopakwa kijani. Nikamkabidhi njiti nikamwambia sogeza wewe, soma skripti huku unasogeza. Akasogeza. Alipofika kwenye mama, yule mtu wa manila akawa hana pa kusimama, akadondoka. Alinyamaza muda mrefu. Sikuongeza neno, wakati mwingine ukinyamaza unashinda.

Kulikuwa na tatizo moja la kweli ambalo yeye aliliona na nampa haki yake. Mchezo una sehemu mbili za kumbukumbu, mama anawakumbuka watoto wakiwa wadogo na baba yupo. Kama mstari upo, wale watoto watachezaje? Nikamwambia hilo lilishatatuliwa New York mwaka 1949. Jo Mielziner alibuni seti ya mchezo wa Arthur Miller, Death of a Salesman, nyumba ikawa mifupa tu, unaona mpaka ndani. Na mwandishi alishaweka sheria kwenye maelekezo, kwenye matukio ya sasa waigizaji wanaheshimu ukuta, wanapita mlangoni, kwenye matukio ya zamani wanapita tu katikati ya kuta kama hazipo. Tukaichukua sheria hiyo. Kwenye kumbukumbu watoto wanakimbia katikati ya masale, wanajificha nyuma yake, hayamzuii mtu. Kumbukumbu ikiisha, mguu wa mtu haukanyagi tena upande wa pili. Hatukueleza popote, hatukuandika kwenye karatasi ya programu, na hata watoto wa shule waliokaa chini mbele walielewa.

Habari za kutafuta hela na vibali vya ukumbi naziruka, mnazijua, zinafanana kila mahali. Niseme tu kwamba seti ilikula hela kidogo kuliko chai na vitumbua vya mazoezi. Makopo tuliokota kwa mafundi rangi wa Majengo, kaniki tulinunua, mchanga tulipewa kwenye saiti moja, na kirikuu cha kubeba ndo kilikuwa gharama kubwa, kwa sababu lita 4 za mchanga ni zaidi ya kilo 6, zidisha kwa 18. Uzito huo nilikuwa nautaka. Kuna aliyeshauri tuweke maboksi mepesi yaliyopakwa rangi ya bati ili waigizaji wasichoke, nikakataa kabisa. Nataka wachoke. Nataka mwenye tamaa aonekane mishipa ya shingo. Na kopo la mchanga likiburuzwa kwenye jukwaa la mbao linatoa mlio mbaya, krrrrr, unaingia kwenye meno. Kufikia onyesho la nne la mchezo watu wakisikia tu krrr wanaguna.

Masale yenyewe, tahadhari. Usiende kung'oa kwenye mpaka wa mtu, utaanzisha kesi ya kweli. Tuliomba kwa mjomba wangu mwenye mengi, tukakata vijiti. Uzuri wa isale ni mbishi, ukilichomeka kwenye mchanga wenye unyevu linakaa kijani muda mrefu, ndo maana wazee walilichagua kwa mipaka. Na chagua marefu. Kumbi zetu nyingi sakafu ni sare, hakuna viti vya kupanda, aliyekaa nyuma anaona kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa hiyo kitu chochote ulichokiweka chini ya goti kwake hakipo. Mimi kabla ya kukubali seti yoyote naenda kukaa kiti cha mwisho nyuma, halafu cha pembeni kabisa kushoto, halafu kulia. Muongozaji anakaa katikati siku zote, yeye seti yake ni nyingine. Watu wa pembeni nao wamelipa.

Kuhusu taa nilikuwa na nne tu za maana, na moja ndo iliyofanya kazi. Niliiweka chini, upande wa mama, ikimulika kupita kwenye masale. Mnajua kitu kikisogea karibu na taa kivuli chake kinakuwa kikubwa. Kwa hiyo mwanzo kivuli cha masale kilikuwa kidogo tu pale nyuma, lakini kadri wale ndugu walivyosogeza makopo kuelekea kwa mama ndivyo walivyoyasogeza kuelekea kwenye taa, na kivuli kikawa kinavimba upande wao mpaka kikawafunika vichwa. Walijinyakulia giza lao wenyewe. Hilo wazo nililipata kwenye boksi la viatu na tochi ya simu, usiku, sebuleni kwangu, na niliruka peke yangu nikapiga makofi kama mwehu.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Sitaki kujisifu, lakini nitajisifu, nani atanisifu? Pazia lilipofunguka hakukuwa na mh, nikawa mdogo nyuma kule. Walikuwa wanaangalia makopo ya rangi, wengine wanacheka chini chini. Krrr ya kwanza ikaja, ya pili, vicheko vikaisha. Mwisho kabisa, yule kijana wa katikati anausogelea mstari, anatafuta, anachagua isale, anavunja. Kijiti kilitoa mlio mdogo, tak. Ukumbi mzima kimya. Anamnyooshea mama. Na mama kwenye skripti anatakiwa kusita, mwigizaji wetu alisita vizuri, alisita muda mrefu, mpaka bibi mmoja mstari wa pili, kajifunga kanga mbili, akapaza sauti, "Pokea, mama! Isale halikataliwi!" Na wengine wakaitikia, pokea, pokea. Mwigizaji akalipokea huku analia machozi ya kweli, alishaacha kuigiza.

Hamna sofa duniani linaloweza kukupa yule bibi.

Halafu yakafuata ya kwetu. MC akaita watu mbele mmoja mmoja, muongozaji, mwandishi, waigizaji, wa muziki, wa sauti, hadi aliyeleta maji ya kunywa. Mwisho akasema "na tusimsahau dada yetu aliyetupambia na maua". Maua! Nikatabasamu, nikapunga mkono. Nikarudi nyumbani na boda nikilia ndani ya kofia ngumu. Kwenye bango jina langu halikuwepo, walisema nafasi ilikuwa ndogo, ila nembo za wadhamini zilikaa vizuri tu zikinyoosha miguu. Na siku chache baadaye muongozaji akahojiwa redioni akaulizwa wazo la masale lilitoka wapi, akasema lilimjia akiwa anaendesha gari. Hana gari, jamani.

Nimesamehe. Hajaniletea isale lakini nimesamehe, naandika tu ili na nyie mjue.

Ndo maana nawaambia vijana, na hapa niruhusuni nihubiri kidogo, mkikubali kuitwa wapambaji mtalipwa kama wapambaji na mtasahaulika kama maua yanavyosahaulika Jumapili asubuhi. Wewe sio mtu wa kuleta vitu. Wewe ni msomaji wa skripti, tena msomaji namba moja, unatakiwa uijue kuliko waigizaji maana wao kila mmoja anasoma mistari yake. Mtu akikwambia lete sofa muulize nani anakaa kwenye hilo sofa. Nani haruhusiwi kukaa? Lilinunuliwa kwa hela ya nani? Likiondolewa, mchezo unaharibika wapi? Kama hana jibu, sofa halina kazi. Kama ana jibu, aah, hapo umepata kitu, labda sasa unahitaji sofa peke yake katikati ya jukwaa tupu na mchezo mzima watu wanalizunguka wakiogopa kulikalia. Hiyo nayo ni seti ya sebule ya tajiri, na haihitaji fremu wala tivii.

Soma skripti. Nitarudia mpaka mchoke.

Na tusijifanye haya mambo ni ya wazungu tu. Penina Muhando alituandikia Nguzo Mama mwaka 1982, wanawake wa kijiji wanahangaika kusimamisha nguzo, kila mmoja na matatizo yake, nguzo haisimami. Seti iko pale pale ndani ya kitendo! Mtu anataka nini tena? Lakini wapo watakaokwambia uchore na vibanda vya nyasi nyuma. Swali la mbunifu pale ni nguzo iwe ya nini, nzito kiasi gani, ndefu kiasi gani, wakiishika wote kwa pamoja inanyanyuka au hainyanyuki, na ikianguka inaanguka upande gani. Ukishajibu hayo umemaliza, nenda kalale. Au chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969, vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907, wote wanafikiria mapori na mto Rufiji na kambi ya Mjerumani. Kitu cha mchezo ule ni maji, na sio maji ya kunywa, ni maji ambayo watu waliyaamini mbele ya risasi. Sasa wewe mbunifu utayaweka wapi jukwaani yaonekane ya kuaminika mwanzo na ya kawaida kabisa mwisho, bila kuyabadilisha? Beseni moja? Mtungi mmoja juu sana ambao hakuna anayeufikia? Mimi nina jibu langu, silitoi, nalitunza kwa siku nitakayopewa ule mchezo.

Ila pia msininakili. Baada ya ile kazi yetu nimeshaona masale kwenye mchezo wa komedi wa trafiki na dereva wa daladala. Masale yanafanya nini barabarani? Nikauliza, wakaniambia "si ndo mtindo wa sasa wa konsepti". Konsepti sio kuwa na vitu vichache, wala sio kuwa na vitu vya asili, wala sio kufanya watu wasielewe. Kuna wengine wanatundika kamba za katani tatu kutoka darini, waigizaji wanapita wakizikwepa mchezo mzima, ukiwauliza wanakwambia zinawakilisha jamii. Zinawakilisha kamba tu. Muongozaji Peter Brook alipofanya mchezo wa Shakespeare kwenye boksi jeupe kule Stratford, Uingereza, mwaka 1970, seti ya Sally Jacobs, wahusika wa kichawi walikuwa wanabembea juu kwenye bembea za sarakasi, weupe ule ulikuwa na kazi, ulifanya kila rangi na kila mwili uonekane, na bembea zilibeba watu kweli. Kila kilichopo kinatumika. Ukiweka kitu halafu hakuna mwigizaji anayekigusa, anayekikwepa kwa sababu, au anayekiogopa, kitoe. Kikikuuma kukitoa ujue ulikiweka kwa ajili yako.

Mwingine kaniuliza vipi kama muongozaji ni mbishi kabisa. Mfanyie boksi. Akiendelea kubisha, mpe sebule yake lakini ikose kitu kimoja ambacho mchezo unakilalamikia, na hicho kikosekane kwa makusudi. Akibisha na hilo, fanya anachotaka, chukua hela, jina lako wasiandike. Mimi nimeshafanya hivyo na nimelala vizuri.

Mdogo wangu wa Sakina, kwa sasa usikodi chochote. Nitumie hiyo skripti kama mwandishi ataruhusu, au nitumie tu ile orodha ya vitendo, nani anamfanyia nani nini, tuongee. Kitambaa na plaiwudi tutakuja kujua baadaye, na kama ni kitambaa basi kikae mbali na taa zinazochemka maana shifoni inashika moto haraka, hilo nimeliona kwa macho kwenye harusi ya watu. Ukipata kazi, kabla hujagusa gundi, andikishianeni. Karatasi moja inatosha: unafanya nini, unalipwa lini, jina lako linakaa wapi kwenye bango na linaandikwaje, "mbunifu wa seti", na modeli inabaki kwako. Lipige picha bango kabla halijaenda kuchapwa. Modeli yangu ya masale iko kwangu, boksi la raba namba 39, na anayetaka kuiona apite, nipo Moshi hapa, ila asiiguse, zile njiti zimeanza kulegea.

Na nunua futi yako mwenyewe ya kupimia, ya mita 5 au zaidi. Kila ukumbi watakwambia ipo, ukifika utaambiwa fundi kaondoka nayo.